Vidonge Katika Kopo la Vifungo

4 Machi
Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja, viuno na mabega. Kurasa za nyuma zilibaki nyeupe, nimezichukua mimi, maana tangu nijifungue kichwa changu kimekuwa chujio. Mvua imeanza leo alfajiri. Nepi kumi na nne zimelowa upya kwenye kamba. Mume wangu ni fundi rangi, na mvua ikinyesha fundi rangi hana ukuta wa kupaka, basi yuko nyumbani ananielekeza namna ya kuanua nepi.

6 Machi
Mchele unapungua. Sisemi wa kupikwa, nasema mkavu, ule wa kwenye gunia. Nimemkalisha Kidoti, binti yangu wa miaka mitatu, nikamuuliza nani anaingiza mkono humo. Akasema paka. Hatuna paka. Amekaa kwenye kigoda kwa adhabu ya uongo mpaka akasinzia.

7 Machi
Mtoto mchanga hakulala. Na mimi vilevile.

9 Machi
Paka nimemwona. Ni mama mkwe wangu.

Alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, anatafuna mchele mbichi kama karanga. Tulitazamana. Akaniambia taratibu kwamba ni hamu tu, inamshika kama ya mjamzito. Nikamwambia kwa miaka yake sitini na mbili tutawashangaza wakunga. Tulicheka wote wawili, lakini alipofungua kinywa nikaona fizi zake nyeupe kama sahani. Nimemwomba Kidoti msamaha. Amenisamehe kwa sharti la kubebwa mgongoni, na mgongoni tayari yuko mdogo wake.

12 Machi
Leo naandika kwa hasira, na iandikwe hivyo hivyo.

Mama mkwe, ambaye namwita Mama tu, ndiye fundi cherehani wa nyumba hii, mimi ni mikono yake. Yeye anakata na kushona, mimi napinda, napiga pasi, nabandika vifungo. Tuna sketi sitini za shule, zinatakiwa kabla muhula haujafunguliwa katikati ya Aprili. Zamani alikuwa akimaliza sketi tisa kwa siku huku anaimba. Leo amemaliza tatu, kisha nimemkuta amelaza shavu juu ya cherehani, amelala. Na mimi ninayeamshwa mara tano na mtoto, nilale wapi? Nimebamiza pasi makusudi ili aamke. Akaamka, akasema samahani mwanangu. Kuomba kwake samahani kumeniudhi zaidi.

13 Machi
Nimesoma ya jana nikaona aibu. Mtu huyu ni mgonjwa. Mwaka mzima anatibiwa vidonda vya tumbo, kwa sababu mtaani kwetu kila ugonjwa ulio chini ya shingo na juu ya kiuno ni vidonda vya tumbo. Jirani yetu tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, amemletea juisi ya kabichi mara mbili. Mwezi uliopita zahanati walimpa vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Nesi akaniambia mimi, siyo yeye, kwamba choo kitakuwa cheusi kwa ajili ya vidonge, tusiogope.

15 Machi
Mama amenivuta pembeni ya choo, amenong'ona kwamba anatoa cheusi kama lami. Nimemjibu kwamba ni vidonge, nesi alishasema. Akanitazama kitambo, kama mtu anayetaka kuongeza neno. Kisha akasema haya.

19 Machi
Amerudia neno lilelile la lami. Nami nikarudia langu, safari hii kwa sauti ya mwalimu mbele ya darasa. Nimemwambia asithubutu kuviacha. Akasema sawa Mama Kidoti.

20 Machi
Mvua. Mvua tena.

24 Machi
Kutoka getini mpaka mlangoni kwetu kuna ngazi kumi na mbili. Mama amepumzika mara tatu. Kidoti alidhani ni mchezo, na yeye akawa anapumzika kila ngazi, ameshika kiuno, anahema. Mume wangu amecheka. Mimi sikucheka, ila nilimwambia Mama anywe vidonge vyake. Kila jambo mimi nina jibu moja tu, vidonge.

28 Machi
Ameanguka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilisikia cherehani inakwenda, inakwenda, kisha kimya, kisha kishindo. Nimemkuta sakafuni, kipande cha sketi bado mkononi, midomo haina rangi hata chembe. Nilimweka mtoto kwenye kikapu cha nguo za kupigwa pasi, nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alimbeba mama yake kama anavyobeba ngazi yake ya kazi, begani, mvuani, mpaka barabarani kwenye gari.

Hospitali kubwa walimpima damu. Nne nukta sita, na mwanamke anatakiwa awe na kumi na mbili. Daktari wa tumbo, mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikitazama kile kikaratasi akaniuliza amefikaje hapa kwa miguu. Nikasema hakufika kwa miguu.

Walimtundikia chupa ya kwanza ya damu, wakatuambia ndugu wachangie za kurudishia. Mume wangu anapanda ghorofa ya nne bila kamba, lakini alipoona sindano aliomba alale kwanza kabla hawajaanza. Mtu wa pili kujitokeza alikuwa Redio. Alisikia, akaja na kanga iliyolowa, akanyoosha mkono. Sikuwa nimemtarajia. Wiki iliyopita tu tuligombana juu ya kamba ya nguo.

Kisha daktari akaniuliza kuhusu choo. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni cheusi, lakini anameza vidonge vya kuongeza damu kila siku, mimi mwenyewe nasimamia. Akaandika. Akasema kama ni hivyo cheusi hakituambii kitu, wampe chupa mbili, apumzike, wamwongezee vidonge. Mama alikuwa amelala macho wazi anatazama dari. 

29 Machi
Nataka niandike hili polepole.

Nilirudi nyumbani kunyonyesha na kumchukulia Mama gauni la kubadili. Gauni lilikosa kifungo cha kifuani. Nikachukua kopo lake la vifungo, lile analoliweka chini ya cherehani, nikalimwaga mezani nitafute cheupe. Katikati ya vifungo kulikuwa na vidonge vyekundu. Nikadhani ni vifungo vya koti. Nikakishika kimoja. Kikaniachia rangi kwenye kidole.

Nilivihesabu. Thelathini na saba. Alimeza vitano, labda sita, basi.

Kwa hiyo wiki zote zile hakuwa na kidonge tumboni, na choo kilikuwa cheusi. Kila alipokuja kuniambia, mimi nilimjibu kwa vidonge ambavyo havikuwemo. Naye hakuweza kuniambia havimo kwa sababu angekiri ameviacha, na mimi nilishamwonya asithubutu. Tulifungiana mlango, kila mtu upande wake, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Nilirudi hospitali na kopo zima, mtoto mgongoni, Kidoti mkononi. Mama alipoliona alifunika uso kwa shuka. Akasema kwa chini kwamba vinamfungia choo, vinamchoma, aliogopa nitamfokea.

"Ningekufokea kweli," nikamwambia. "Sasa sikufokei. Niambie tu tangu lini."

"Tangu juma la kwanza."

Daktari alisikiliza yote. Aliweka kalamu chini. Akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka hapa: "Kama hamezi, basi ule weusi ni damu. Kuna mahali inavuja. Kesho kutwa tunaingiza kamera."

31 Machi
Tangu jana jioni hakula wala kunywa. Redio alipita wodini na chai ya tangawizi, nikamzuia mlangoni nikainywa mwenyewe ili isiharibike. Walimpulizia Mama dawa ya ganzi kooni, wakamchoma sindano ya usingizi, wakampeleka. Dakika ishirini. Mtoto alilia muda wote huo, nami nilimwacha alie kwa niaba yetu sote.

Daktari alinionyesha picha. Nilitegemea kidonda, kitu chenye shimo. Badala yake niliona mistari. Mistari myekundu imepangana, imeelekea yote mahali pamoja, kama ganda la tikiti maji ila jekundu. Ni pale mwisho wa mfuko wa chakula, kabla chakula hakijaingia kwenye utumbo. Mishipa midogo ya damu imetanuka, ngozi yake imekuwa laini, inavuja matone mchana kutwa, mwaka mzima. Nikamuuliza mbona kamera aliyoingiziwa mwaka jana hospitali nyingine ilisema ni michubuko tu. Akasema ni ugonjwa usioonekana mara nyingi, na asiyeuwazia huuita michubuko. Wamepima na ini, ni zima. Si saratani. Alisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa bado natazama picha.

Na unatibika? Akasema wanauchoma. Bomba linapuliza gesi, umeme unapita ndani ya gesi hiyo, unaibabua mishipa bila kuigusa. Si mara moja. Mara tatu, pengine nne, na baadaye inaweza kurudi. Madini ya chuma ya kuongeza damu ataingiziwa kwa dripu; hata ile hamu ya mchele mbichi, akasema, ni ya mwili uliokosa chuma.

"Faida yake nyingine," akasema, "dripu haigeuzi rangi ya choo. Kuanzia leo kikiwa cheusi, hakina kisingizio."

1 Aprili
Mume wangu hakuelewa mambo ya gesi na umeme. Nikamwona anakodoa macho tu. Mama, tuliyedhani amelala, ndiye aliyemweleza mwanawe. Akasema nailoni ukiikata nyuzi zinafumuka, na fundi anapitisha kiberiti pembeni, zinaganda, hazifumuki tena. Basi ndivyo watakavyomfanya yeye. Daktari alipoambiwa alicheka mpaka miwani ikaanguka, akasema tangu leo atawaeleza wagonjwa hivyo.

3 Aprili
Wamemchoma mara ya kwanza. Ameamka anaulizia sketi.

6 Aprili
Tumerudi nyumbani. Damu saba nukta nane. Mvua imeingia chumbani kwa kona ya kabati.

Nimeweka sheria. Kila asubuhi nitamuuliza rangi, naye atajibu kweli, nami sitafoka hata akiniambia ametafuna gunia zima. Akasema na yeye ana sheria: nisimuulize mbele ya Kidoti. Tumekubaliana.

7 Aprili
Kahawia.

8 Aprili
Kahawia. Kidoti amesikia, sasa anatutangazia ya kwake.

13 Aprili
Sketi zimekwisha. Sikuamini nitaandika hivyo. Mama alikaa kwenye kiti na mto mgongoni, anakata tu. Redio alishona, kumbe anajua, alijifunza ujanani akaacha. Anashona kama anavyoongea, bila kituo, lakini mshono umenyooka. Mume wangu alibandika vifungo vya sketi nane, na vya sita kati ya hizo nimevifumua akiwa ameenda dukani. Namshukuru hata hivyo. Mwalimu aliyekuja kuzichukua alimwambia Mama amenawiri. Hajanawiri, lakini fizi zina rangi kidogo, kama chai yenye maziwa mengi.

14 Aprili
Nimelala masaa matano!

23 Aprili
Nilikuwa nafua. Amekuja mwenyewe kabla sijamuuliza, amesimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Leo nyeusi, Mama Kidoti. Na jana jioni pia. Jana sikukwambia."

Nilihisi maneno yote ya zamani yananipanda kooni. Nikayameza, yakapita kwa shida kuliko kamera. Nikamwambia asante Mama kwa kuniambia, ngoja nikaushe mikono twende.

24 Aprili
Sita nukta tisa. Imeshuka. Wamempa chupa moja na kumchoma kwa mara ya pili. Daktari amesema ndivyo inavyokuwa, walichoma nusu ya mistari, nusu nyingine iliendelea na kazi yake. Ameonyesha picha mbili pamoja, ya kwanza na ya leo. Upande mmoja umebaki makovu meupe. Mimi niliuona ule upande mweupe. Mama aliuona upande mwekundu.

2 Mei
Hasemi. Anakula kidogo. Rangi: kahawia.

6 Mei
Mvua kubwa, umeme umekatika. Mume wangu amepata kazi ya ndani, kupaka ofisi. Ameondoka anapiga mluzi.

11 Mei
Leo amesema hatarudi kuchomwa.

Tulikuwa tunamenya viazi. Alianza kwa mbali, kwamba mimi sina hata nguo ya kutokea, nimechakaa, mtoto nanyonyesha nikiwa nimesimama, kila mara niko kwenye foleni za hospitali kwa ajili ya mzee. Kisha akafika alipokuwa anakwenda.

"Niacheni tu. Mnanichoma leo, kesho inavuja kwingine. Mimi nimeshashona vya kutosha. Wewe una watoto wawili, huhitaji wa tatu."

Nilitaka kumbembeleza. Ndivyo mkwe mwema anavyofanya, hubembeleza. Lakini nilikuwa nimechoka mno, na uchovu ukiisha kumaliza adabu unabakiza ukweli.

Nikamwambia: "Mama, umenikuta nimechoka, ni kweli. Lakini usinisingizie. Mimi sijachoka kwa ajili yako. Nimechoka kwa sababu ulipougua nilipoteza mtu aliyekuwa ananishikia mtoto. Nataka arudi. Sikupeleki hospitali kwa huruma, nakupeleka kwa shida zangu."

Akaacha kumenya. Nikaona nimevuka mpaka, nikajiandaa kuomba radhi. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika, kisu kinatikisika. Akasema kumbe ana thamani ya yaya. Nikasema yaya mzuri hapatikani siku hizi. Akafuta macho kwa kiganja cha mkono wenye unga wa kiazi, akawa na uso mweupe upande mmoja.

Hakusema atakwenda. Lakini amekula viazi vitatu.

12 Mei
Kahawia. Ameuliza ni tarehe ngapi ya kurudi. Nikamtajia kama vile hatujawahi kubishana.

19 Mei
Mtoto ameota jino. Amemng'ata bibi yake, naye amefurahi kupita kiasi.

22 Mei
Mara ya tatu. Safari hii mume wangu aliomba ruhusa kazini akaja, na mikono yenye rangi ya maziwa. Alikaa nje na mimi. Nilijua miaka yote ni mtu wa mzaha, kumbe mzaha wake una ufa. Aliniambia alipombeba mama yake siku ile alikuwa mwepesi kuliko ndoo mbili za rangi, na tangu hapo kila akiinua ndoo anakumbuka. Nilimkabidhi mtoto, akamshika vizuri.

Daktari alitoka na picha. Makovu meupe karibu pote, vijimstari viwili vya pembeni vimebabuliwa leo. Damu nane nukta nane, bila kuongezewa. Akasema tungoje tuone kama kuvuja kumekoma.

30 Mei
Kahawia.

3 Juni
Mvua zimepungua, zinakuja mchana tu, kama mgeni asiye na haraka.

9 Juni
Dripu ya chuma. Damu kumi nukta moja. Mama amepanda ngazi zetu bila kupumzika, na juu akanisubiri, akaniuliza mbona nahema.

15 Juni
Anaimba. Wimbo mmoja tu, anausahau katikati anaanza upya. Nilikuwa nimesahau kwamba wimbo huo unachosha. Nimeuacha uendelee.

18 Juni
Redio na Mama wamekosana kuhusu mshono wa kola. Hawasemezani tangu asubuhi. Nimeona raha kwa pande zote mbili: Mama ana nguvu za kugombana, na Redio amezimika.

25 Juni
Kesho ni kliniki, kupima damu na kusikia daktari anasemaje. Siogopi, nasema tu mikono yangu ni baridi.

26 Juni
Nimeamka jua limeshapanda ukutani. Upande wa mtoto kitandani ni mtupu. Niliruka nikatoka na nguo ya kulalia.

Mume wangu alikuwa uani na mtoto kifuani, huku Kidoti anapaka ukuta kwa brashi na maji. Nikauliza Mama yuko wapi. Ameenda hospitali. Na nani? Akasema na miguu yake. Nikaanza kutafuta viatu. Akasimama mlangoni, mpole lakini hapitiki, akasema ameagizwa nisiamshwe, na nikiamka nisifuate, na yeye anamwogopa mama yake kuliko anavyoniogopa mimi.

Nilikaa kwenye ngazi ya juu. Sikunywa chai. Nilihesabu watu waliopita getini mpaka nikachoka kuhesabu.

Alikuja saa saba kasoro. Alipanda ngazi zote, akakaa kando yangu, akaniwekea kikaratasi magotini. Kumi na moja nukta tatu. Daktari amesema hakuna cha kuchoma. Kamera tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na ukirudi utakutwa umeshajulikana.

Nilifurahi sana hata nikaanza kufoka. Kwamba angeanguka njiani, kwamba angevuka barabara vipi, kwamba mtu mzima hafanyi hivi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Mwanangu, miezi mitatu umeniuliza mambo yangu kila asubuhi. Leo nauliza mimi. Umelala masaa mangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Vilifika tisa. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Hayatoshi," akasema. "Rudi ndani ukalale."

Nikamwambia kuna pasi, kuna mtoto atataka kunyonya. Akasema mtoto amekula uji, pasi anaijua tangu mimi sijazaliwa. Alisimama, akamchukua mtoto kutoka kwa baba yake, akamtupia begani kama kitambaa cha kazi.

Nimebishana naye kidogo, kwa heshima. Kisha nimetii.